Ndege Zilizopanda Mabega ya Watu

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina neno moja lenye kazi tatu, nalo ni "ndege". Ndege ni yule mwenye manyoya, ambaye tunasema ameruka. Ndege ni chombo cha kusafiria angani, nacho tunasema imeruka. Na ndege, kwa Waswahili wa kale, ni fali. Mtu akitoka alfajiri kwenda safari, akakutana na jambo la kumfurahisha, husema amepata ndege njema. Akikutana na la kumtia shaka, husema ni ndege mbaya, na pengine akarejea nyumbani akafunga mlango.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa ubao na wino wa masizi tunajua kuwa Kiarabu nacho kina desturi hiyo. Neno lake la ndege limetajwa katika Sura ya Bani Israili kwa maana ya amali ya mwanadamu, ambayo Mola amemfungia shingoni mwake. Mtume wetu (s.a.w.) akatukataza kuitakidi fali mbaya za ndege, lakini maana ile ya amali shingoni imebaki, na siku ya hesabu kila mtu atakuja na yake.

Leo nataka kuzungumza juu ya ndege na shingo. Nina rai moja tu, nami naitoa mapema ili msomaji asinihangaikie: habari za ndege za kwanza za vita katika nchi zetu zimeandikwa kwa majina ya marubani na majina ya mashine, na waliozibeba mashine hizo hawakuandikwa. Kosa hilo bado linaweza kupunguzwa, na pa kuanzia pamoja ni Kisii na Nyamira.

Kwa nini Kisii na Nyamira, nami ni mtu wa pwani? Si zamani nilialikwa huko kuzungumza na walimu juu ya ushairi. Baada ya mazungumzo mwalimu mmoja kijana alinionyesha picha aliyoikata gazetini akaihifadhi katika daftari. Ilikuwa picha ya ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, imeelea juu ya maji ya ziwa, na wazungu wawili wamesimama mbele yake mikono kiunoni. "Maalim," akaniambia, "hawa ni Wabelgiji, Ziwa Tanganyika, mwaka 1916. Hii ndiyo historia ya ndege kwetu." Alizijua nguvu za injini, urefu wa mabawa na majina ya marubani, na nilifurahi kumsikia, kwani kijana apendaye kujua ni hazina. Nikamwuliza, "Na hii ilifikaje ziwani?" Akanyamaza.

Tumjibu basi, kwa kuanza na ile picha yenyewe, maana ni haki kumpa kila mtu sifa yake.

Ubelgiji ni nchi ndogo, na wakati huo karibu nchi nzima ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Jeshi lake la angani lilikuwa changa na halikuwa na ndege za kutosha hata kwa vita vya kwao. Hata hivyo Wabelgiji walitaka ndege kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu upande wa Kigoma Wadachi walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyotawala maji yote. Waingereza wakawaazima ndege nne za majini za aina ya Short 827. Kila moja ilichukua watu wawili, mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 16 na ushei toka ncha hadi ncha, injini yake ya Sunbeam ilikuwa ya nguvu za farasi 150, na mwendo wake ulikuwa kiasi cha maili 60 kwa saa. Chini yake, badala ya magurudumu, palikuwa na vyombo vya kuelea mfano wa mitumbwi.

Msomaji wa Lamu au wa Pate angeifahamu ndege hiyo upesi kuliko mtu wa mjini, kwa kuwa ilikuwa na nasaba na jahazi. Mifupa yake ilikuwa ya mbao nyepesi. Ngozi yake ilikuwa kitambaa cha kitani, kilichowambwa kama tanga kisha kikapakwa dawa ya kukikaza. Bawa la juu na la chini yalishikwa kwa vijiti vilivyosimama mfano wa milingoti midogo, na kati yao zikapita nyaya kama hamrawi na baraji za chombo. Kwa nini mabawa mawili? Kwa sababu mbao na kitambaa havikuweza kushika bawa moja refu bila kuvunjika. Mawili yaliyofungwa pamoja yalisaidiana, kama watu wawili wanaochukuliana mzigo. Na kama jahazi, adui zake walikuwa jua na mvua, kwani gundi ililainika, mbao zikapinda na kitambaa kikalegea.

Chombo dhaifu namna hiyo kilitoka Ulaya kwa meli, kimefunguliwa vipande na kutiwa katika makasha, kikafika mdomo wa mto Kongo. Kutoka hapo kilipita nchi nzima ya Kongo, mara kwa gari la moshi na mara kwa meli za mto, kwani reli ilikuwapo pale tu ambapo maporomoko yalizuia meli. Kila reli ilipokoma palikuwa na kushusha na kupakia, na kila mto ulipokoma palikuwa na kushusha na kupakia tena. Makasha hayakujishusha yenyewe. Huko ziwani mawimbi yalikuwa makali, hata Wabelgiji wakaona bora waweke kambi yao katika ziwa dogo la Tongwe, lililo pembeni mwa lile kubwa. Huko pia palitaka kusafishwa, kujengwa na kuburutwa vitu.

Mwezi wa Juni 1916 mmoja wa marubani wao, Aimé Behaeghe, aliruka kuvuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Ulikuwa ushujaa, na simnyimi. Kuruka juu ya maji mapana kwa mbao na kitambaa, bila parachuti na bila ardhi ya kutua, si jambo la mzaha. Lakini ile meli haikuzama kwa bomu. Wadachi wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisipate kutu, wakaondoka. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikachukua abiria wa Kigoma kwa miaka mingi. Behaeghe naye alikufa kwa maradhi huko Kongo mwishoni mwa 1916. Jina lake limehifadhiwa, na hata ndege zile nne zina nambari zake katika vitabu.

Msomaji asidhani haya yalikuwa ya Kongo tu. Pwani yetu ndiyo iliyotangulia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kidachi, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha katika mikoko ya Rufiji. Ndege ya kwanza ya kuitafuta iliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo mwezi wa Novemba mwaka huo, na rubani wake, Dennis Cutler, akakamatwa mwezi uliofuata. Baadaye Waingereza walisafisha uwanja Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walielekeza mizinga kutoka angani mpaka Königsberg ikaangamia, hali ndege yao wenyewe imepigwa na inaanguka mtoni. Mwisho wa Januari 1916 kikosi cha 26, chenye marubani wa Afrika ya Kusini, kilishuka Mombasa na ndege zake, kikaenda Mbuyuni karibu na Taveta. Na mwaka 1917 Wareno, nao taifa dogo la Ulaya, walileta ndege za Farman za mabawa mawili Mocímboa da Praia, katika pwani ya Waswahili wenzetu wa kusini, na rubani wao mmoja akafa kwa kuanguka katika siku zile zile za kwanza za kuruka.

Haya yote yameandikwa, tena vizuri. Sasa turudi kwa swali la kimya: zilifikaje? Meli ilileta kasha bandarini, reli ikalifikisha ilipokoma, na baada ya hapo ni shingo ya mtu. Vivyo hivyo petroli katika madebe, mabomu, mahema, magunia ya unga na dawa za marubani. Motokaa zilizama katika matope, na ng'ombe na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Mtu peke yake ndiye aliyetembea. Ndege moja iliyokaa angani saa mbili ilikuwa na nyuma yake msururu wa watu waliotembea siku nyingi, kila mmoja na mzigo wa ratili 50 hivi kichwani, na chakula kisichomtosha.

Hapo ndipo Kisii inapoingia. Vita vilifika huko kabla ya ndege yoyote. Tarehe 11 Septemba 1914 majeshi ya Wadachi yaliingia mji wa Kisii, na kesho yake wakapigana na Waingereza waliotoka upande wa Kisumu. Siku ile hapakuwa na chombo angani. Lakini ndege ya maana ya tatu, yaani fali, ilikuwapo. Wagusii walikuwa na kumbukumbu ya mtabiri wao Sakawa, na upande wa ziwa ilikuwa imezuka itikadi ya Mumbo mwaka 1913, na yote mawili yakielekea kusema kuwa wazungu wataondoka. Walipowaona maofisa wamekimbia na mji ni mtupu, wengi waliona fali imetimia. Wakavamia ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali, ng'ombe wao wakachukuliwa. Baadaye, katika miaka ya 1920, baadhi ya viongozi wa Mumbo walihamishiwa Lamu. Kwa hiyo jamaa zangu wa Amu wasiseme Kisii ni mbali. Ilikuwa karibu sana siku ile Wagusii waliposhushwa gatini kwao kama wafungwa.

Mwaka 1917 vita vilipohamia kusini, katika Rufiji, Kilwa na Lindi, serikali ya kikoloni ilimpa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, kazi ya kukusanya wapagazi kwa maelfu. Machifu wakatakiwa watoe hesabu, na hesabu ikatolewa, katika vilima vya Kisii kama kwingineko. Watu waliozoea baridi ya mlima na wimbi na maziwa wakapelekwa katika joto la mabonde, wakala unga wasioujua, wakanywa maji waliyoyakuta. Kuhara damu na homa viliwaua kuliko risasi. Serikali ya Kiingereza yenyewe ilikubali vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na watafiti wa baadaye wameipandisha hesabu hiyo hadi kiasi cha 95,000 na kuendelea. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, midomo yetu iliigeuza ikawa Kariakoo. Leo ni soko Dar es Salaam na ni mtaa Nairobi, na anayenunua nyanya hapo hajui kuwa anatembea juu ya jina la maiti.

Katika safari yangu ile nilipelekwa Nyamira, upande wa vilima vya Manga, kumwamkia mzee wa miaka themanini na zaidi. Nilipotaja vita vya kwanza, alicheka kidogo, akasema: "Mwanangu, babu yangu alikuwa akituambia kwamba kule Ujerumani alibeba mfupa wa ndege. Sisi watoto tulimcheka. Ndege gani mwenye mfupa wa kubebwa na watu wawili?" Kwa wazee wa zama zile "Ujerumani" ilikuwa ni Tanganyika. Babu yule aliondoka na ndugu yake, akarudi peke yake. Wapi alimwacha, hakupata kusema vizuri. Nilimweleza mzee juu ya ndege za mbao, zenye mihimili mirefu ndani ya mabawa, iliyosafirishwa vipande vipande. Alikaa kimya muda, kisha akasema kwamba basi babu hakuwa mwongo.

Sina njia ya kuthibitisha kuwa mbao ile ilikuwa ya bawa la ndege, wala sitadai zaidi ya alivyosema mzee. Ninalosema ni kwamba familia moja imekaa miaka mia na kitu ikidhani babu yao alitunga hadithi, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaambia habari za ndege kwa upande wao. Waliletewa picha ya wazungu wawili na mashine, na babu hayumo.

Angalieni lugha inavyotufundisha. Kigusii kina neno lake la ndege mwenye manyoya, enyoni. Chombo cha angani kimeitwa endege, kwa neno lililotoka kwetu. Nasi Waswahili tulipokipa chombo hicho jina la kiumbe, hatukukipa roho: ndege mnyama ameruka, ndege chombo imeruka. Sarufi yetu haikudanganyika, ilijua kipi kina uhai. Lakini waandishi wa vita walifanya kinyume chake. Mashine wakaipa jina na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na mtu aliyeibeba wakamwandika pamoja na mizigo: wapagazi kadhaa, magunia kadhaa, madebe kadhaa. Walimtoa katika ngeli ya wenye uhai wakamtia katika ngeli ya vitu. Kazi yetu ni kumrudisha katika ngeli yake.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba wapagazi wana sanamu yao. Ni kweli, Nairobi iko sanamu ya askari na mpagazi, na maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Lakini miguu na mikono haina jina, mwenye jina ni mwili mzima. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe, katika ripoti yake ya Aprili 2021, ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wenyewe wakikiri, sisi tunatetea nini?

Wa pili atasema: hao ni watu wa bara, wala wengi hawakuwa Waislamu, mshairi wa pwani anawatakia nini? Namjibu kwa adabu. Wengi wao walikufa katika ardhi ya pwani na nyuma yake, Rufiji na Kilwa na Lindi, mbali na mama zao. Aliyefia kwako ni mgeni wako, na mgeni ana haki hata akiwa maiti. Tena lugha iliyowakusanya Mgusii, Mjaluo, Mkamba na Mnyamwezi chini ya mzigo mmoja ilikuwa hii yetu. Kama walikufa wakiombana maji kwa Kiswahili, basi wana deni juu ya Kiswahili.

Wa tatu, na huyu namheshimu zaidi, atasema kuwa mambo yamepita, kufukua makaburi hakushibishi mtu. Lakini mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na makaburi yao hayajulikani. Kilichobaki kuwalipa ni jina tu, nalo ni deni dogo kabisa. Asiyeweza kulipa dogo asijisifu kwamba angelipa kubwa.

Basi natoa rai. Kwanza, walimu wa Kisii na Nyamira, na yule kijana wangu mwenye picha awe wa mbele, wawatume wanafunzi kwa wazee wao na daftari: jina la aliyekwenda Kariakoo, ukoo wake, kijiji chake, aliyerudi na asiyerudi. Waliokwenda wenyewe wamekwisha, na wajukuu wao sasa ni wazee. Baada ya miaka kumi swali hilo halitakuwa na wa kulijibu. Pili, Tabaka kuna mafundi wanaochonga jiwe laini kwa ajili ya watalii, viboko na twiga na sahani. Jiwe hilo hilo lingeweza kuchongwa mtu mwenye kasha kichwani, na chini yake yakaandikwa majina yatakayopatikana, hata yakiwa thelathini.

Tatu ni letu sisi wenye kalamu za pwani. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji, na kwa kazi hizo tunajua nani alisimama wapi. Washairi wa leo tunabishana magazetini kwa mafumbo ya mapenzi na siasa, na sikatazi, hata mimi nimo. Lakini utenzi wa wapagazi ungekuwa sadaka ya lugha hii kwa walioisema wakifa. Daftari za Nyamira zikija, nasi tuwe tayari na mizani.

Kwa sasa natanguliza ubeti mmoja, wenye kuuongeza wauongeze:

Ndege walipoirusha, majina wakaandika,
Mzigo walotutwisha, nani aliyeutaka?
Shingo zilizojichosha, majina yamefichika,
Kalamu nawakumbusha, wino usije kauka.